Naomba ushauri: mzee ana magazini za ufundi redio chumba kizima, ndugu wanataka zitolewe, je zinamsaidia akili?

MwanaNgamiani

Wakuu habari za humu, wakubwa zangu shikamooni. Naomba mawazo yenu maana hili jambo linanikosesha raha na nyumbani tumeshaanza kununiana.

Mzee wangu ana miaka 76, alikuwa fundi redio Ngamiani hapa Tanga tangu enzi za redio za vali (zile taa za kioo ndani ya redio), zikaja za transista, mpaka zikaja hizi ambazo ikifa unatupa unanunua ingine. Ofisi alishafunga kitambo, mama ametangulia mbele za haki, anaishi na mdogo wetu wa mwisho na wajukuu. Sasa mzee ana magazini za kiingereza za mambo ya redio, Practical Wireless ndio nyingi, kuna Wireless World, Practical Electronics na Everyday Electronics. Baadhi aliachiwa na mzungu wa shamba la mkonge alipokuwa anaondoka nchini, zingine alikuwa analetewa na mjomba wetu aliyekuwa baharia, meli ikitia nanga Uingereza anampitia dukani. Zimejaza chumba cha uani na zingine ziko chini ya kitanda chake.

Kila siku akimaliza chai anatoa kadhaa, anavaa miwani, anasoma, afu anaandika kwenye kaunta buku lake toleo la mwezi gani mwaka gani, ndani kuna sakiti gani na inatumia transista zipi, anakaa hivyo mpaka adhuhuri inaadhiniwa. Ukimuuliza transista ya zamani kama OC71 ikikosekana unaweka nini anakujibu hapo hapo bila kufungua kitu. Lakini huyo huyo siku hizi anauliza swali moja mara mbili tatu, na kuna siku hakukumbuka kama ameshakunywa dawa ya presha.

Kaka mkubwa yuko Dar, anasema magazini zote hizo ziko mtandaoni mtu anapakua bure, kwahiyo tumnunulie mzee tableti, chumba kipakwe rangi kipangishwe. Dada anasema makaratasi yanaleta mende na vumbi na mzee ana kikohozi. Wote wanampenda mzee, sio kwamba wana roho mbaya. Ila mimi moyo unakataa kwasababu nikimuona na yale makaratasi ni mtu mwingine kabisa, anaongea, anaita wajukuu waje waone picha. Nataka kujua kama kweli zinamsaidia akili au ni mimi tu najipa moyo, na kama zinasaidia basi tuzitunzeje zisiharibike na zisitugombanishe zaidi.

NesiMstaarabu

Pole kaka, na hongera kwa kumjali mzee. Mimi ni nesi, nimehudumia wazee muda mrefu, nitasema ninachokijua bila kukupamba.

Kuna utafiti wa Marekani ulitoka mwaka 2003 kwenye jarida la New England Journal of Medicine, walifuatilia wazee 469 wa zaidi ya miaka 75 kwa miaka kadhaa. Waliokuwa wanasoma, wanacheza michezo ya ubaoni, wanapiga vyombo vya muziki au kucheza dansi, wachache zaidi kati yao walipata dimensia, ule ugonjwa wa kusahau unaozidi mpaka mtu anashindwa kujihudumia. Kwahiyo sio unajipa moyo tu. Ila usome kwa makini, maana inawezekana pia ubongo wa mtu ukianza kuchoka kimya kimya anaacha kusoma miaka kabla ugonjwa haujaonekana, hivyo ukimkuta mtu hasomi huwezi kujua moja kwa moja kipi kimetangulia. Hakuna mtu wa kukuhakikishia kwamba magazini zitamkinga.

Mimi hapo kilichonifurahisha ni lile kaunta buku kuliko hata hizo magazini. Mtu anayepitisha macho tu kwenye kurasa hafanyi kazi sawa na mtu anayesoma, analinganisha, anaamua kipi aandike, anaandika kwa mkono, na kesho anarudi kutafuta alichoandika. Hiyo ni kazi ya kweli ya kichwa na ana sababu ya kuamka asubuhi. Msimkatishe.

Sasa sehemu ambayo naomba usiipite haraka haraka. Mzee kukumbuka OC71 haimaanishi kumbukumbu yake iko salama. Mambo aliyoyafanya kwa mikono yake tangu ujana yanakaa muda mrefu sana, yanayoanza kupotea ni ya leo asubuhi. Kuuliza swali moja mara tatu na kusahau dawa ni sababu ya kumpeleka hospitali sasa, sio mwakani. Na wala sio kwamba lazima iwe dimensia! Upungufu wa vitamini B12 unaweza kuleta hali hiyo, tezi ya shingoni ikifanya kazi chini ya kiwango, sonona kwa mtu aliyefiwa na mwenza, hata dawa zenyewe anazokunywa. Vingi vya hivyo vinatibika. Kama ana sukari na anatumia metformin miaka mingi mwambie daktari, maana hiyo dawa inaweza kushusha B12.

Mapimo mengine mawili ni masikio na macho. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia na yanayoweza kufanyiwa kazi, humo kuna presha, sukari, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, upweke, kukaa bila mazoezi, sigara. Ukiangalia hiyo orodha utaona magazini peke yake ni sehemu ndogo, mzee anahitaji presha ikae sawa, atembee, na awe na watu wa kuongea nao. Dawa mnunulieni kile kisanduku chenye vyumba vya siku za wiki, mdogo wenu ajaze kila Jumapili, ukifungua chumba cha Jumanne ukikuta kitupu umejua amekunywa.

Kibajaji_wa_Dom

Mleta mada mimi ntasema upande wa pili ambao watu hawapendi kuusema. Babu yangu alikuwa anakusanya magazeti, mwanzo tuliona ni kitu kizuri, anasoma, anatusimulia habari za siasa. Baada ya muda akawa hasomi tena, anakusanya tu, ukigusa rundo moja ugomvi, akawa anaokota na makaratasi ya njiani. Chumba kikawa cha panya, njia ya kupita ikabaki upana wa mguu, usiku mmoja akajikwaa akavunjika nyonga na baada ya hapo hakurudi kuwa yule babu.

Sisemi mzee wako yuko hivyo, kwa maelezo yako anazitumia. Lakini kaka yako na dada yako wasikilizwe pia. Angalia kama anaweza kukutafutia toleo unalomuuliza akalipata, kama anaweza kumpa mtu toleo ambalo anazo nakala mbili, kama njia ya kutoka kitandani kwenda chooni haina kitu. Akiweza hayo mwacheni kwa amani. Siku mkiona anarundika bila kufungua au anawaficha hapo ndio mrudi hospitali, na msianze kutupa yeye hayupo nyumbani, hiyo inamuumiza mzee kuliko mnavyofikiri. Za chini ya kitanda hizo zitoke wiki hii hii, hapo siwezi kubembeleza.

Mzee wa Masafa

Salaam alaikum wanangu. Mimi naandika kutoka Mombasa, nilikuwa posta na simu upande wa mitambo mpaka nikastaafu, na hizo magazini unazotaja zimenilea. Umenifurahisha sana kijana kwa kumuulizia baba yako.

Nataka kaka yako aelewe kilichomo kwenye hicho chumba. Practical Wireless ilianza 1932, mwanzilishi alikuwa bwana mmoja F. J. Camm, ndugu yake Sydney Camm aliyechora ndege ya kivita ya Hurricane, na ile magazini inatoka mpaka leo. Ilikuwa haikufundishi nadharia ukalale, ilikuwa inakupa mchoro, orodha ya vifaa, namna ya kukata bodi, ukimaliza una redio inayolia mezani. Sisi huku tuliokuwa hatuna chuo cha karibu ndiyo ilikuwa chuo chetu. Wireless World ilikuwa ngumu zaidi, ya wahandisi. Toleo lake la Oktoba 1945 ndimo Arthur C. Clarke alimoandika kwamba ukiweka setilaiti tatu juu angani, kama kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, utaifikia dunia karibu yote kwa redio. Miaka hiyo hakuna hata setilaiti moja iliyokuwa imerushwa! Muulize baba yako kama analo, asikubali mtu aliguse.

Suala la tableti. Ni kweli matoleo mengi yameskaniwa, mimi mwenyewe nayapakua, na kwa macho ya uzee ni faida maana unavuta mchoro mpaka namba ya rizista inaonekana. Mnunulieni, ni zawadi nzuri. Lakini isiwe badala ya karatasi. Zile zake ameziandika pembeni kwa penseli, hapa nilibadilisha kapasita, hapa koili ilikataa nikaongeza mizunguko, hii nilimtengenezea fulani. Hayo maandishi hayako mtandaoni, yako kwenye nakala yake tu, na ukisoma maandishi yako ya ujana yanakufungulia mambo ambayo ulidhani yameshafutika. Nimeliona hilo kwangu mwenyewe, naona mchoro nakumbuka duka, nakumbuka mwenye redio, nakumbuka na bei tuliyopatana.

Ila kusoma na kuorodhesha kusiwe mwisho. Mwambie achague mchoro mmoja mdogo autengeneze, akiwa na mjukuu pembeni. Ukitengeneza lazima uhesabu rangi za rizista, ushike kitu kidogo kwa vidole, ikikataa kulia utafute kosa liko wapi, na kutafuta kosa hakuna kitu kinaamsha kichwa kama hicho.

Na hapa naomba mnisikilize sana. Redio za vali zinazoingia umeme wa ukutani ASIGUSE tena akiwa peke yake. Ndani yake kuna voti 200 na zaidi, na zile kapasita kubwa zinabaki na chaji hata ukishachomoa waya. Alikuwa anazijua kuliko mimi, sibishi, lakini mtu aliyeanza kusahau kama amekunywa dawa anaweza kusahau kama ametoa chaji. Afanye za mawe ya redio tu, voti 1.5, 3, 9. Dirisha liwe wazi anapochoma lehemu, meza hiyo isiliwe chakula, na anawe mikono akimaliza kwasababu lehemu ya zamani ina risasi, tena kama kuna watoto wadogo hapo vipande vyote viokotwe. Huyo mwenye kikohozi moshi wa lehemu haumfai, awekewe feni ndogo ya kuupeleka nje.

MwanaNgamiani

Mzee wa Masafa shikamoo, asante sana baba yangu. Nimemsomea mzee ulichoandika akacheka akasema "huyo ni mwenzetu". La Oktoba 1945 hana, ila amenionyesha alipoandika pembeni mambo ya koili kama ulivyosema, sikuwahi kuyaona siku zote hizi maana nilikuwa naangalia picha tu.

Za chini ya kitanda tumeshazitoa. Dada nesi hospitali tunapanga. Sasa naulizia utunzaji, huku Tanga mnajua joto na unyevu ulivyo, matoleo ya chini kwenye rundo yameanza madoa na yanashikana.

Karani_Unguja

Hapo kwenye utunzaji ndio kazi yangu, nimefanya kazi ya nyaraka miaka mingi na unyevu wa pwani naujua.

Kwanza yaliyoshikana msiyabandue yakiwa makavu mtachana rangi ya juu, na msiyaanike juani pia, jua linapausha na kufanya karatasi ikatike kama jani kavu. Yawekeni kivulini penye upepo, yamesimamishwa wazi kidogo, feni ikipita kwa mbali, kurasa zisizogandana sana huenda zikaachia zenyewe. Yenye ukungu yatengeni kabisa na mengine, yafutwe nje ya nyumba kwa brashi laini, anayefuta avae barakoa, na asiwe mzee mwenyewe kwa hicho kikohozi. Dada yako kwenye hilo la vumbi ana haki.

Karatasi za magazini za zamani nyingi zimetengenezwa kwa mbao iliyosagwa tu, zina asidi yake ndani, ndio maana zinageuka njano na kukatika kwenye mkunjo. Hilo huwezi kulizuia, unalichelewesha tu kwa kuziweka gizani na mahali pasipo na joto kali. Pini za katikati zikishaota kutu zitoeni taratibu kwa kisu butu, mshone kwa uzi mweupe wa pamba, kutu inakula karatasi. Selotepu marufuku, gundi yake inaacha doa la kahawia lisilotoka.

Rafu ya chuma ni bora kuliko mbao kwa ajili ya mchwa. Isigusane na ukuta, acheni nafasi ya kiganja hewa ipite na muweze kuona kama mchwa wanapanda. Miguu ikae ndani ya vikopo vyenye oili chafu kidogo, hiyo kila mtu wa pwani anaijua. Rafu ya chini kabisa iache wazi, mvua za masika maji yanaingia uani. Msizibane kwenye mifuko ya nailoni, unyevu unafungiwa humo humo. Maboksi ya karatasi ngumu yanatosha, na kwenye kila boksi mzee mwenyewe aandike jina na miaka. Vidonge vile vyeupe vya kufukuza nondo siwashauri kwenye chumba anachokaa mgonjwa wa kifua. Usafi, hewa, na chakula kisiingie humo, mende watapungua.

Nakala mbili mbili zitoeni. Hapo chumba kitapungua na kaka yako ataona mnamsikiliza.

FundiMdogo_VETA

Mleta uzi mimi nasoma umeme chuo cha ufundi VETA, niko Tanga hapa hapa. Darasani tunajifunza kubadilisha bodi, ila mtu wa kunieleza kwanini transista imewekwa pale na sio pale sijampata. Kama mzee ataridhia naomba nije hata Jumamosi, nitamsaidia kubeba maboksi na kuingiza lile kaunta buku kwenye simu, nipige picha kurasa za michoro aliyoandika pembeni. Sitachukua hata karatasi moja kutoka nayo. Shikamoo yake nifikishie.

NesiMstaarabu

Kijana wa VETA aje!! Hiyo ni dawa kuliko vingi nilivyoandika hapo juu. Mzee kuwa na mtu anayehitaji anachokijua, siku maalum ya wiki, anajiandaa, anavaa vizuri, anafikiria atafundisha nini. Upweke umo kwenye ile orodha ya mambo 14 na huwa haumalizwi na tableti.

MwanaNgamiani

Wakuu narudi na mrejesho.

Hospitali tumeenda. Daktari amekuta masikio yote mawili yameziba nta, wakamsafisha, tukiwa njiani kurudi mzee analalamika bajaji zina kelele. Yale maswali ya kurudia rudia yamepungua, inaonekana mara nyingi alikuwa hajasikia jibu na anaona aibu kusema. Hayajaisha yote lakini. Kipimo cha kumbukumbu walimfanyia, daktari amesema kuna vitu vya kufuatilia, arudi baada ya miezi michache, vipimo vya damu majibu bado. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, tumepangiwa kliniki.

Kaka alikuja kutoka Dar, akakaa na mzee uani, mzee akamuonyesha toleo lenye mchoro wa amplifaya aliyomtengenezea kaka akiwa shule ya msingi, kaka alikuwa ameisahau kabisa. Hajasema chochote kuhusu kupangisha tena na rafu ya chuma amelipia yeye. Nakala mbili mbili zimetoka, mzee amezichagua mwenyewe, kijana wa VETA kapewa za kwake.

Sasa wamechagua cha kutengeneza, karedio kadogo kenye ZN414, kale kachipu kanakofanya kazi karibu yote ya redio, kutoka kwenye Everyday Electronics. Tatizo ZN414 hakuna duka lolote, mzee amekasirika kweli anasema wameua vitu vizuri. Mzee wa Masafa baba, mnatumia nini siku hizi?

Mzee wa Masafa

Marahaba mwanangu, alhamdulillah kwa habari ya masikio. Mwambie asikasirike, ZN414 ya Ferranti ilitoka 1972 na ilishaacha kutengenezwa, ila ina mrithi. Tafuteni TA7642, inauzwa mtandaoni kwa bei ndogo na inakuja pakiti ya nyingi, miguu mitatu vile vile. Wasifuate mpangilio wa miguu kwa mazoea, kijana afungue karatasi ya kiwanda kwenye simu ahakikishe kabla ya kuchoma.

Jiwe moja tu la voti 1.5, wasiweke mawili, haitaki voti kubwa. Fimbo ya ferriti wachomoe kwenye redio mbovu pamoja na koili yake na ile kapasita ya kuzungusha, mzee atakuwa nazo kwenye makopo yake, fundi hakosi. Kisikilizio cha kristali kama mchoro unavyotaka hakipatikani kirahisi na kwa masikio ya umri wetu sauti yake ni ndogo, kwahiyo baada ya TA7642 waunge LM386, chipu ya kukuza sauti, na spika, ila hiyo ipewe betri yake ya voti 9 peke yake. Mchana msitegemee mengi maana stesheni nyingi za masafa ya kati zimehamia FM, jaribuni usiku baada ya isha, mbali na taa za LED na chaja za simu, hizo zinaleta mvumo mbaya sana.

Ikikataa kulia asiiguse kwanza, kijana apime voti kwenye kila mguu aandike kwenye kaunta buku, halafu mniletee hizo namba hapa.